Je, Imetupasa Kununua Wapi?

Liko swali ambalo watu wengi hulidhania kuwa si la moyo bali ni la mfuko tu. Swali lenyewe ni hili: Mtu akiwa na fedha yake ya halali mkononi, yampasa aende kununua wapi? Wengine hujibu upesi, Hapo penye bei rahisi. Wengine hujibu, Hapo penye heshima, penye vioo na taa, ambapo mtu akionekana atasifiwa. Majibu haya mawili yamezoewa sana, hata mtu haulizi tena kama ni ya kweli. Nasi twataka kuyapima yote mawili, maana kununua ni kazi ambayo kila mmoja wetu huifanya karibu kila siku, na kazi ya kila siku huijenga tabia ya mtu kuliko kazi ifanywayo mara moja kwa mwaka.

Tuanze na miji yetu wenyewe. Mbeya imekaa juu, kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, chini ya milima ambayo kilele chake kimepita mita 2,800. Iringa nayo imekaa juu ya kilima, ikitazama bonde la mto Ruaha Mdogo. Katika miezi ya Juni na Julai baridi huingia hata ndani ya mifupa, na huko Kitulo na Mufindi umande huganda ukawa mweupe juu ya majani. Basi watu wa nchi hii wajua sana faida ya koti. Ukienda Mwanjelwa katika miezi hiyo utaona makoti ya mitumba yametundikwa safu kwa safu. Mengine ni manene walakini mepesi, yenye rangi kali, na mifuko mingi, na kofia nyuma ya shingo. Ukiyatazama vizuri utajua ya kuwa hayakushonwa kwa ajili ya mkulima wa viazi wa Uporoto. Yalishonwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani ambao hupanda milimani wakati wa baridi, wakajifunga mbao nyembamba miguuni, wakateleza juu ya theluji kwa kujifurahisha.

Yafaa tuijue kidogo miji ya watu hao, maana itatusaidia kulijibu swali letu. Huko Uswisi uko mji uitwao St. Moritz, uliokaa juu kadiri ya mita 1,800, yaani hauipiti Mbeya kwa urefu ila kidogo tu. Zamani kilikuwa kijiji cha mlimani, na wageni walikuja wakati wa joto kwa ajili ya maji yake ya dawa. Husimuliwa ya kuwa mwaka 1864 mwenye hoteli mmoja, Johannes Badrutt, aliwashawishi wageni Waingereza warudi wakati wa theluji waone kwamba jua la huko ni zuri hata katika baridi. Tangu siku hizo wageni wakazidi, na michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ikafanywa huko mwaka 1928, na tena mwaka 1948. Huko Marekani nako uko mji uitwao Aspen. Mji huo ulijengwa na wachimbaji wa fedha, na mwaka 1893 bei ya fedha ilipoanguka watu wengi waliuhama. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947, ulifunguliwa tena kwa namna nyingine, vikawekwa viti vipandavyo kwa kamba ya chuma ili kuwachukua watu mpaka juu ya mlima.

Leo katika miji hiyo miwili maduka ya mapambo, saa na nguo yamesongamana katika njia chache, nayo huuza vitu kwa bei ambayo kwayo mtu wa kwetu angejenga nyumba. Hakuna apunguziwaye bei, wala hakuna aulizaye apunguziwe. Mgeni husoma kile kijikaratasi, hutoa fedha, hushukuru, huondoka. Walakini liko jambo jingine la kuangalia. Huko Aspen wengi katika wale wanaopika, na wanaosafisha vyumba, na wanaofundisha watoto shuleni, hawawezi kukaa katika mji wanaoutumikia, kwa kuwa nyumba zake ni za bei kubwa mno. Hukaa mbali chini ya bonde, wakapanda kila asubuhi na kushuka kila jioni. Mji umekuwa mzuri wa kununua, lakini umekuwa mgumu wa kuishi kwa mtu afanyaye kazi ya mikono.

Sasa tulifuate lile koti. Lilinunuliwa katika mji wa namna hiyo, likavaliwa siku chache katika mwaka, kisha likaonekana kuwa limepitwa na wakati, ijapokuwa halina tundu. Mwenyewe akalitoa bure. Likakusanywa na mengine, likafungwa katika belo, likapandishwa melini, likashushwa Dar es Salaam, likapakiwa katika gari lipandalo njia kuu ya Zambia, kupita Mikumi, kupita Iringa na Makambako, mpaka Mbeya. Hapo mchuuzi akalinunua belo zima bila kujua ndani mna nini, akalifungua kwa moyo wa wasiwasi, akalitundika koti. Na mtu wa Mbeya akalinunua kwa sehemu ndogo sana ya bei yake ya kwanza. Koti ni lile lile, na joto lake ni lile lile. Ila bei imekuwa mbalimbali kama mbingu na nchi.

Tena kiko kitu kingine kishikacho njia hiyo hiyo, lakini kwa kurudi. Wanawake wa Iringa husuka vikapu kwa majani ya milulu yaotayo penye maji maji. Majani hukatwa, hukaushwa, hupasuliwa, ndipo yasukwe kwa siku nyingi, mama akisuka baada ya kazi ya shamba na ya jikoni. Vikapu hivi vimejulikana katika dunia. Huuzwa Ulaya na Marekani katika maduka ya vitu vya nyumbani, navyo huko hupata bei ambayo yule msukaji hajapata kuiona. Basi koti lashuka bei likija kwetu, na kikapu chapanda bei kikienda kwao.

Mtu atasema, Hiyo ndiyo biashara; kuna nauli, na ushuru, na kodi ya duka. Naam, ni kweli, wala hatusemi ya kuwa kila tofauti ya bei ni wizi. Lakini koti na kikapu vyatufundisha jambo ambalo hatulioni tukiwa sokoni, ya kuwa bei haikai ndani ya kitu kama kokwa ikaavyo ndani ya tunda. Bei hufanywa na watu wawili wanaokutana, nayo husikiliza sana nani kati yao ana nguvu ya kungoja, na nani hana. Awezaye kungoja hupata bei yake. Asiyeweza kungoja hupokea bei ya mwenzake. Haya ndiyo mafundisho ya kwanza, nayo yageuza swali letu. Tuliuliza, Tununue wapi? Sasa yatupasa kuuliza, Tunaponunua, tumesimama mbele ya nani, na tunaitumiaje nguvu yetu juu yake?

Tuliweke jambo hili mbele ya macho kwa mfano. Tuseme mama mmoja mwenye meza sokoni amenunua tenga la nyanya kwa shilingi 30,000. Akamlipa mchukuzi shilingi 1,000, akalipa ushuru wa soko shilingi 500. Akapanga mafungu 70, kila fungu shilingi 500. Akiuza yote atapata shilingi 35,000, na faida yake itakuwa 3,500 kwa kazi tangu alfajiri hata jioni. Lakini nyanya hazingoji. Tuseme mafungu manne yameoza au yamepondeka. Faida yake imebaki shilingi 1,500. Sasa waje wanunuzi kumi, kila mmoja akasema, Mama, nipunguzie mia tu. Kila mmoja aona ameomba kitu kidogo, naye kwa kweli ni kidogo kwake. Walakini mama huyu amebaki na shilingi 500, naye bado hajala, wala hajawanunulia watoto chumvi.

Katika wale kumi huenda yumo mtu mwenye mshahara, mtu wa kuheshimiwa katika usharika. Ameondoka hapo akifurahi kwa kuwa ameokoa shilingi mia. Kisha aingia katika duka lenye milango ya vioo kununua sabuni ya kunukia. Asoma bei, atoa fedha, hasemi neno. Aingia hotelini pamoja na wageni, anunua soda kwa bei mara mbili ya bei ya mtaani, tena amwachia mtumishi chenji ili asionekane kuwa mchoyo. Je, ulimi wake uliokuwa mwepesi sana mbele ya meza ya nyanya, mbona umekuwa mzito mbele ya vioo? Jibu ni fupi, tena lauma: twapunguza bei pale muuzaji alipo mnyonge, na twalipa kimya pale alipo na nguvu. Twaita jambo hilo busara ya matumizi. Jina lake la kweli ni jingine.

Kitabu cha Mithali chamtaja mnunuzi ambaye hukitukana kitu mpaka apunguziwe, kisha akienda zake hujisifu. Tabia hiyo si mpya basi. Tena mwaka 1524 Martin Luther aliandika kitabu juu ya biashara na riba. Humo alilipinga neno moja ambalo wafanya biashara wa siku zake walilishika kama sheria, yaani kwamba mtu ana ruhusa ya kuuza kitu chake kwa bei kubwa kadiri awezavyo. Luther alionyesha ya kuwa neno hilo lafungua mlango wa kila dhuluma, maana shida ya jirani yageuzwa kuwa nafasi ya faida. Alitaka muuzaji ajiulize ni haki apate nini, wala si aweza kupata nini. Naye alitoa njia nyepesi ya kupima: muuzaji ahesabu gharama yake, na taabu yake, na hatari yake, kisha atazame kibarua hulipwa nini kwa kazi ya siku, ajilipe kwa kadiri hiyo.

Luther alisema na wauzaji, kwa sababu katika miji ya wakati ule tajiri mwenye ghala ndiye aliyekuwa na nguvu. Lakini neno lile lina upande wa pili. Mnunuzi naye aweza kusema moyoni, Nina ruhusa ya kununua kwa bei ndogo kadiri niwezavyo. Ni neno lile lile lililovaa nguo nyingine. Kwa hiyo kipimo cha Luther chatufaa sisi wanunuzi pia. Kabla ya kusema, Nipunguzie, tuhesabu siku ya yule aliye mbele yetu: aliamka saa ngapi, alilipa nini, na kibarua angepata nini kwa saa hizo. Katekisimo yatufundisha ya kuwa amri ya saba haimhusu mwivi wa usiku peke yake, bali yataka pia tumsaidie jirani aendelee na kuihifadhi riziki yake. Mkono unaonunua nao umo ndani ya amri hiyo.

Hapa yafaa tujihadhari tusije tukamhukumu mtu bure. Kupatana bei si dhambi. Katika nchi yetu ni desturi ya zamani, tena ni mazungumzo. Mama husema elfu mbili akijua mteja atasema elfu moja, nao watakutana katikati, wakicheka, wakaulizana habari za nyumbani, na mwisho mmoja akasema ndaga na mwingine akaitikia. Asiyejua kupatana bei huonekana kama mtu aliyekataa kukaa kitako. Kupatana kwa namna hiyo huitafuta bei ya haki iliyo kati ya watu wawili. Lakini kuna kupatana kwingine, ambako mtu huona jioni imeingia, mvua yataka kunyesha, mchicha umenyauka, na muuzaji atazama njia ya nyumbani, ndipo atoa nusu ya bei na kusema, Ukitaka, chukua, usipotaka, basi. Huyo hatafuti bei, ameipata shida ya mwenzake na anaivuna. Wahenga walisema, Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa hiyo hata yeye ambaye hatumpendi tumpe haki yake. Sembuse mama wa jirani ambaye hajatukosa neno lo lote?

Jambo la namna hii lafanyika pia kwa vipimo, na hapa nyanda zetu za juu zina kesi yao maarufu. Wakulima wa viazi wa Mbeya, Njombe na Makete wamelia miaka mingi juu ya lumbesa. Mnunuzi huja na gunia, na gunia likijaa hushonewa kilemba juu yake, kikajazwa tena, mpaka uzito wapita kilo 100, naye hulipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo imelikataza jambo hilo, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiwakamata watu. Walakini mkulima aliyechimba viazi vyake, na gari limesimama kandokando ya shamba, na njia itaharibika mvua ikinyesha, hana nguvu ya kusema, La. Tukisikia habari ya mizani ya uongo twamfikiri muuzaji daima. Kumbe lumbesa ni mizani ya uongo iliyo mkononi mwa mnunuzi.

Wala tusiwafanye wauzaji kuwa malaika. Wako wanaotumia kopo lililobonyezwa chini, na wako wanaochanganya mchele wa mahali pengine na kuuita wa Kyela. Kwao nako dhambi ipo. Tusemalo ni hili tu, ya kuwa udhalimu wa muuzaji umehubiriwa sana, na udhalimu wa mnunuzi umesamehewa bila kutubiwa.

Liko tena jambo la deni, nalo latuhusu sisi waalimu, wainjilisti na wote wenye kuitwa watu wa kanisa. Mtu mwenye jina zuri hukopeshwa. Mama mwenye genge humpa sukari, mafuta na unga, huandika katika daftari yake, hungoja mwisho wa mwezi. Mwezi waisha, na fedha yafika, lakini kwanza yalipwa kwa wale wanaoweza kukata umeme, na wanaoweza kudai kwa barua, na duka kubwa ambalo halikopeshi kamwe. Yule mama huambiwa, Nivumilie kidogo. Naye huvumilia, maana aona haya kumdai mtu anayesimama mbele ya watu siku ya Jumapili. Fedha ile iliyokwama ni mtaji wake wote. Wafanya biashara wadogo hubeba mali yao yote juu ya meza moja. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, na lile la SIDO lilipoungua mwaka 2017, watu wengi walipoteza kwa usiku mmoja kila kitu walichokuwa nacho, na deni la mkopo likabaki. Basi mtu anayemcheleweshea fedha muuzaji wa namna hiyo, yeye ni kama moto mdogo uunguzao polepole. Ni heri kununua pungufu na kulipa taslimu.

Sasa yatupasa kuyajibu maneno matatu ambayo msomaji mwenye akili atayasema.

Neno la kwanza: Je, maskini afanyeje? Mjane mwenye shilingi elfu mbili na watoto wanne, naye apime siku ya muuzaji? Twajibu, Yeye atafute bei rahisi bila kuona haya, kwa kuwa nguvu yake si kubwa kuliko ya muuzaji, nao wote wawili wamekutana katika upungufu. Wajibu huu hukua pamoja na mfuko. Aliye na zaidi hudaiwa zaidi. Kosa letu ni kwamba wenye mishahara huazima udhuru wa mjane.

Neno la pili: Je, mitumba inamwua fundi cherehani wetu? Swali hili limesumbua hata Serikali. Mwaka 1975 hivi mtu angeweza kuvaa kitambaa kilichofumwa Mwanza au katika kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 mitumba iliingia kwa wingi, na viwanda vilivyokuwa vimekwisha kudhoofika havikupata nguvu ya kusimama. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walipatana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua mpaka mwaka 2019. Lakini Marekani ilitishia kuwaondolea nafasi ya kuuza bidhaa zao huko bila ushuru. Tanzania na Uganda zikalegea, na Rwanda iliyoshikilia ikapoteza mwaka 2018 nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Hata mataifa, ndugu, husimama sokoni kama yule mama wa nyanya, na asiyeweza kungoja hupokea bei ya mwenzake. Twajibu basi kwa kiasi. Yule anayetetemeka kwa baridi ya Julai anunue koti la mitumba, wala asihukumiwe. Walakini shati la shule, na kanzu ya kwaya, na nguo ya arusi, vitu ambavyo fundi wetu aweza kuvishona vizuri, tuvipeleke kwake, tena tumlipe siku aliyosema, wala tusimlaumu kwa kuwa belo la Ulaya ni rahisi kuliko kazi ya mikono yake. Belo lile ni rahisi kwa sababu mwenyewe alilitupa. Fundi hawezi kushindana na kitu kilichotupwa.

Neno la tatu: Basi, yafaa tununue kwa huruma? Hapa twasema, La, si kwa huruma peke yake. Pale Iringa ilianzishwa mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Kianglikana ya Ruaha, kazi iitwayo Neema Crafts. Ilianza na vijana watatu viziwi, wakitengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Kazi ikakua, wakaingia watu wengi wenye ulemavu wa namna mbalimbali, wakafuma, wakashona, wakachonga mapambo. Ukawekwa na mkahawa ambamo watumishi ni viziwi, na mgeni huagiza chakula kwa kuandika au kwa ishara. Zamani wengi wa watu hao wangetazamiwa kukaa njiani na bakuli. Mtu akinunua kitu chao kibaya kwa sababu amewahurumia, amewarudishia lile bakuli kwa siri. Akinunua kwa sababu kitu ni kizuri, amewapa heshima ya fundi. Methali yasema, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vivyo hivyo kwa mama wa vikapu na mama wa nyanya: hawatuombi sadaka. Wataka bei. Sadaka ina mahali pake, nayo haiwezi kufunika bei ya dhuluma. Mtu asiyemlipa msukaji haki yake siku ya Jumamosi, kisha akatia noti katika kapu la sadaka Jumapili, hajatoa kitu chake. Ametoa cha msukaji.

Wengine watasema, Mambo haya yaachiwe Serikali, ipange bei. Sheria ina kazi yake, kama tulivyoona kwa lumbesa. Lakini nchi yetu imekwisha kujifunza mpaka wake. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili maduka ya kijiji yashike kazi yao. Mapema katika miaka ya 1980 sabuni, sukari na nguo ziliadimika. Bei halali ilijulikana, rafu zilikuwa tupu, na vitu viliuzwa gizani kwa bei ya ulanguzi, hata mwaka 1983 ukafanywa msako mkubwa wa wahujumu uchumi. Amri ya Serikali yaweza kuandika bei ukutani. Haiwezi kuandika haki katika moyo wa anunuaye.

Basi, imetupasa kununua wapi? Hatusemi, Nunueni sokoni tu, wala, Msiingie katika duka la vioo. Mji wa theluji wenye maduka ya dhahabu, na meza ya mbao Mwanjelwa, pote pawili mtu aweza kutenda haki au dhuluma. Walakini kwa kuwa fedha yetu ni kidogo, yafaa iende mahali ambapo itafanya kazi mara mbili, yaani itupatie kitu, tena imsimamishe jirani. Kwa hiyo tushike mambo haya. Kitu kilichofanywa vizuri na mtu tunayeweza kumwona tukinunue kwake kwanza. Tukipatana bei, tupatane kama watu wawili waliokaa kitako, tusivune jioni ya mtu. Kipimo kijae kwa muuzaji, kijae na kwa mkulima. Deni la mnyonge lilipwe kabla ya deni la mwenye nguvu.

Na wewe mwalimu, utakapokwenda sokoni juma hili, mwangalie yule ambaye huwa unamwomba akupunguzie, ukafanye hesabu ya siku yake kabla ya kufungua kinywa. Huenda utaona ya kuwa bei aliyoitaja ni haki. Ikiwa ni haki, mlipe yote, mshukuru, uende zako kwa amani. Watoto uliowafundisha amri ya saba watakuwa wamesimama karibu, nao wataitazama mikono yako.